Mrefu Alibaki Ng'ambo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Paa la chumba cha kaka linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kiti chake. Zamani alikuwa akisogeza kiti mwenyewe na kusema kwamba yeye na paa wanaheshimiana. Leo nimekisogeza mimi.

Hii ni wiki ya sita tangu tumzike. Nimenunua daftari hili kwa sababu mikono yangu haijazoea kukaa bure ifikapo saa kumi na moja jioni. Kwa miaka thelathini nilikuwa nikitoka ofisi ya ardhi, nilikokuwa mpiga chapa, nakunywa chai, naketi kwenye mashine yangu ya nyumbani, na kaka anaanza kutembea. Alitembea kutoka dirishani hadi kabatini akinisomea alichoandika kwa penseli, nami napiga. Hivyo ndivyo vilivyopatikana vitabu vyake vitano vya Mlima Unaotembea, juu ya ule mlima unaoinuka kila baada ya miaka saba ukahamia kwingine, na binti mfalme anayeufuata kwa sababu mama yake yuko kileleni. Wasomaji wake wengi walidhani ni mzee mwenye ndevu na fimbo. Alikuwa karani wa ghala mwenye mashati matatu.

Nilipokuwa natoa vitu vyake chini ya kitanda visilowe, nimekuta boksi la viatu limejaa karatasi. Ni mwandiko wake.

Jumanne, 5 Machi

Nimezihesabu. Ni karatasi mia mbili na kumi na nne, zimeandikwa nyuma ya hati kuukuu za kupokelea mizigo. Hakuna hata moja yenye namba. Kaka hakuwahi kuweka namba. Mpangilio aliuweka kichwani, na tukimaliza kupiga chapa sura moja, karatasi zake za penseli zilikwenda kuwashia jiko. Alisema hapendi kubaki akitazama mifupa mezani.

Hizi hazikufika jikoni kwa sababu hakuwahi kunisomea.

Jumatano, 6 Machi

Fundi wa bati amepita, ametazama juu, ameguna kama daktari. Anakuja kesho asubuhi.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi hajaja.

Jumamosi, 9 Machi

Binti wa kaka alikuja baada ya kufunga duka la dawa, akaleta mikate na dawa yangu ya macho. Nina mtoto wa jicho pande zote mbili, na penseli ya kaka imefifia, kwa hiyo nasoma mchana tu, dirishani, kwa kioo cha kukuzia. Nilimwomba anisomee karatasi ya juu kabisa. Aliisoma haraka haraka kama anayesoma maelezo ya dawa, na kabla hajafika katikati nilishajua ni ya akina nani. Ni ya Mrefu na Kigoda.

Wasomaji wanawajua, ingawa wanapita kidogo tu. Kurasa sita kitabu cha kwanza, nne kitabu cha tatu. Ni kaka na dada wanaokaa kwenye ukingo wa bonde la mto mkali, wakivusha wasafiri kwa kikapu kinachoning'inia kwenye kamba. Binti mfalme anavuka, anawashukuru, anakwenda zake kwenye mambo makubwa, nao wanabaki na kamba yao.

Mimi ndiye Kigoda. Baba yetu alikuwa mvuta kapi kwenye ghala la ghorofa mbili. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba inayopita kwenye gurudumu la juu, na kikapu kikubwa kinapanda na magunia. Kaka alikuwa mrefu kuliko umri wake, mimi mfupi kuliko wangu, kwa hiyo nikitaka kushika kamba nilisimama juu ya kigoda. Siku za kazi chache baba alitufundisha mchezo. Unafumba macho, mwenzako anaweka kitu kikapuni, unavuta, unataja ni nini. Baba alijua unga na chumvi kwa mikono tu. Mimi nilijua kitu kimoja tu, nacho ni kaka. Akiingia kikapuni hakuweza kutulia, alining'iniza mguu wa kushoto nje, na kamba ikawa inacheza kidogo upande ule. Nilisema, "Ni wewe," naye akauliza kutoka juu nimejuaje. Sikumwambia kamwe. Nilikuwa na siri moja tu duniani, nikaona niitunze.

Binti wa kaka ameniambia nimpe mhariri wa nyumba ya vitabu, anayekuja Jumanne, boksi zima nipumzike. "Shangazi, unajichosha na karatasi. Baba ameshaondoka." Ana haki ya kusema, karatasi ni zake kisheria. Nimemwomba anipe muda kidogo.

Jumanne, 12 Machi

Mhariri wa nyumba ya vitabu amekuja. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alivua viatu vyenye tope akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akauweka mapajani muda wote kama mtoto. Sikumpenda. Macho yake yalikuwa kwenye boksi kabla hajanipa pole.

Ameeleza kwa upole. Kaka aliwaahidi kitabu cha sita, cha pembeni, ambacho binti mfalme hatakuwemo ila kwa mbali, na wenye kitabu watakuwa Mrefu na Kigoda. Wasomaji wamekisubiri. Mimi nikiweza kuzipanga karatasi hadi mwisho wa Mei, zikasomeka mwanzo hadi mwisho, watazichapa kama zilivyo. Zisiposomeka, watampa mwandishi mwingine aandike upya. Huyo ameshaandaa muhtasari, na kitabu chake kinaanzia kwenye kaburi la Mrefu.

Nilimuuliza ni kaburi gani, mbona kitabu cha tatu hakisemi kuwa Mrefu alikufa.

"Hakisemi, Mama," akanijibu. "Lakini wengi ndivyo wanavyoamini. Kwani wewe unajuaje?"

Nikamwongeza chai.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi hajaja. Nimempigia simu, akasema yuko njiani. Nyuma yake nilisikia kuku.

Jumamosi, 16 Machi

Binti wa kaka amepata wazo. Kila hati ina mhuri na tarehe upande wa mbele, basi tuzipange kwa tarehe za mbele. Tulifanya hivyo saa mbili nzima. Kigoda alizeeka, kisha akazaliwa, kisha akamzika mama yake, kisha mama yake akamtuma sokoni. Tulicheka mpaka akashika ubavu. Kaka alichota karatasi kwenye gunia la hati za zamani bila kutazama, kama mtu achotaye mchele.

Alipocheka nilimwona baba yake mdomoni.

Jumatano, 20 Machi

Nimeanza upya, kwa akili yangu. Nimetandika shuka mezani, nikagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni Utoto, wanapokuwa wadogo na wazazi wao. La pili ni Kilio, Kigoda akiwa peke yake ukingoni. La tatu nimeliita Ndoto, kwa sababu kuna karatasi ambazo Mrefu anatokea mtu mzima, mahali nisipopajua, akijenga kibanda na kufuga nyuki. Nadhani ni Kigoda anamwota.

Juu ya fungu la Utoto nimeweka karatasi ya mchezo wetu. Kigoda anafumba macho, anavuta kikapu. Ni mwanzo mzuri wa kitabu.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Leo sikutoka, na nadhani ni siku ya kuandika kile ambacho nimekizunguka.

Miaka ishirini iliyopita, katika msimu wa mvua kama huu, kaka alinisomea sura ya kumi na moja ya kitabu cha tatu. Binti mfalme ameshavuka, maadui wako nyuma yake, na Mrefu amekwenda ng'ambo kumwonyesha njia. Anarudi. Kaka alikuwa dirishani, amenipa mgongo. Alisoma hivi, nayakumbuka kama anwani yangu: "Kamba ikakatika. Maji yakamchukua Mrefu, na Kigoda akabaki ameshika ncha."

Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka ule. Binti yake alikuwa na miaka tisa, yuko chumba cha pili na daftari la hesabu. Sijui kama ilikuwa hiyo sababu yake ya kumuua Mrefu, hakusema na mimi sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba vidole vyangu vilikataa. Kwa maisha yangu yote ya kazi nimepiga chapa hukumu za mipaka ya watu, viwanja vilivyochukuliwa kwa wajane, na sikubadili nukta. Siku ile nilipiga hivi: "Kamba ikakatika, na Mrefu akabaki ng'ambo ya pili."

Mashine inalia sauti moja, uandike kweli au uongo. Kaka aliendelea kutembea. Tulipomaliza alichukua karatasi zake za penseli akawashia jiko, tukachemsha chai.

Hakuwa na tabia ya kurudia kusoma alichoandika. Kitabu kilipotoka alikiweka rafuni pamoja na vingine. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikimtazama, akikohoa nashtuka. Hakusema neno. Barua za wasomaji zilikuja, nyingi zikiuliza Mrefu yuko wapi, lakini hizo alizijibu mwenyewe kwa mkono, hakunionyesha. Alisema mimi nimeshachoka na maneno yake.

Kwa hiyo hili ndilo tatizo langu. Kaka aliandika kitabu hiki cha sita akiamini Mrefu amekufa. Msomaji amesoma kuwa yuko ng'ambo. Kikitoka hivi, kila mtu ataona vitabu viwili vinapingana, na wataanza kuuliza nani alikosea. Nisipokitoa, watakianzia kaburini.

Kosa ni langu, na mwenye kusamehe hayupo.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefua. Hazikauki.

Jumamosi, 30 Machi

Fungu la Ndoto limefika karatasi tisini na sita. Kigoda huyu analala sana.

Jumatano, 3 Aprili

Fundi alikuja. Hakuwa na ngazi. Ameifuata.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumekwaruzana, mimi na binti wa kaka. Nilimwomba abaki anisomee fungu la Kilio, akatazama saa. Nikasema, nikajuta papo hapo, kwamba baba yake asingenikatalia. Akaweka mkoba chini.

"Shangazi, mimi nilikulia nyuma ya ukuta huu," akasema. "Kila jioni nasikia sauti yake anakusomea wewe. Anacheka, analia, anafanya sauti ya mfalme. Akiingia kwangu ananiuliza kama nimekula. Basi. Miaka yote, nimekula?"

Ni kweli kabisa. Mimi nilidhani nilikuwa nikimsaidia kaka yangu, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu.

Aliondoka na mwavuli wangu. Nilifurahi kwamba alau aliuchukua.

Jumapili, 7 Aprili

Hakupiga simu.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakupiga.

Jumanne, 16 Aprili

Nimejaribu kuunganisha mafungu, haiwezekani. Kilio kinaishia Kigoda akisuka kamba mpya, ndefu kuliko ya kwanza. Kwa nini anasuka kamba kama hakuna wa kumvuta? Na katika karatasi nyingine anawasha moto ukingoni kila jioni na kuhesabu moshi. Moshi wa nani? Nimezisogeza na kuzirudisha. Nikizitazama naona kitambaa ambacho fundi wa nguo mwingine alikata.

Nadhani nitampigia mhariri aje achukue boksi.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ni siku ndefu, nitaandika taratibu.

Saa tatu asubuhi mvua ilikuja na upepo, na bati la chumba cha kaka likanyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria. Maji hayakufuata tena njia yao ya kiti. Yalikuja mezani. Nilikuwa jikoni. Nilipofika, mafungu yote matatu yalikuwa yanaogelea, na mimi nikawa nayakumbatia tu pamoja na shuka, nimelowa, nazunguka chumbani sijui niweke wapi.

Mlango ukafunguliwa. Ni binti wa kaka, amekuja kurudisha mwavuli. Alifunga kamba za kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kabatini, mistari saba, akaleta vibanio vyote vya nyumba, na vilipokwisha akatumia vya nywele vyake. Tukaanika karatasi moja moja. Penseli haikimbii kama wino, Mungu amsaidie aliyeibuni. Hakuna hata mstari uliofutika. Lakini mafungu yalikuwa yamekwisha. Utoto ulining'inia karibu na Kilio, Kilio karibu na Ndoto.

Saa sita mhariri akabisha hodi. Nilikuwa nimemwita mwenyewe siku ya Jumatano na nimesahau. Alitutazama, akatazama karatasi, akavua viatu, safari hii akaviacha mlangoni. Akaanza kupita katikati ya mistari akisoma zinavyoning'inia, ameinua uso kama mtu anayechagua matunda. Alikwenda na kurudi. Sisi tulikaa kitandani na taulo.

Akasimama. "Mama, huyu Mrefu hapa ana mvi."

Nikamwambia hiyo ni ndoto ya Kigoda.

"Na hapa ameumwa na nyuki, jicho limevimba, anamtukana mzinga. Ndoto hiyo nayo?"

Nikasema ndiyo, lakini sauti yangu niliisikia mwenyewe haina uhakika.

Binti wa kaka akanigeukia, akaniuliza kwa nini kila anapotokea Mrefu mimi nasema ni ndoto. Hapo ndipo niliposema. Niliwaambia yote, sentensi ya kaka na sentensi yangu, na jiko, na miaka ishirini. Nilikuwa natazama vidole vyangu. Nilisema kwamba nimeharibu kazi ya marehemu na sasa wanajua.

Mhariri alikwenda kwenye mkoba wake. Akatoa bahasha iliyowekwa ndani ya plastiki ngumu, akamkabidhi binti wa kaka, akasema asome yeye kwa sababu Mama haoni vizuri. Akaeleza kwamba alikuwa na miaka kumi na minne kitabu cha tatu kilipotoka, alilia wiki nzima, akamwandikia mwandishi kumuuliza Mrefu yuko hai au la. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Ndilo lililomfanya atafute kazi ya vitabu. Alikuja nalo tangu siku ya kwanza, akaona haya kulitoa.

Barua imeandikwa nyuma ya hati ya kupokelea mizigo. Binti wa kaka aliisoma polepole:

"Mwanangu, nami nilidhani maji yamemchukua. Nimekuja kuona kitabuni kwamba yuko ng'ambo. Mpiga chapa wangu ndiye aliyemwona, mimi nilikuwa nimegeukia dirisha. Sijamuuliza, asije akaona haya. Siku nikijua Mrefu anafanya nini huko, nitaandika."

Nje bati lilikuwa linapigapiga. Nilifikiria ule mwezi niliokuwa nikishtuka kila akikohoa. Alikuwa ameshasoma. Alikuwa ameshasoma, na alinimiminia chai.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekaa kitako katikati ya kamba zetu, natazama. Hakuna ndoto hata moja.

Jumatatu, 22 Aprili

Fundi wa bati amekuja na ngazi. Ameezeka upande ulioinuka, ule unaovuja ameahidi kesho.

Jumamosi, 27 Aprili

Wote watatu tulipanga. Ilichukua mchana mmoja, baada ya wiki sita za kuumiza kichwa. Mrefu yuko ng'ambo, kamba imekatika, hakuna nyingine ndefu kiasi hicho. Anajenga kibanda, anafuga nyuki, jioni anawasha moto. Dada yake upande wa pili anawasha wake. Karatasi moja kwa Mrefu, moja kwa Kigoda, moja kwa Mrefu, moja kwa Kigoda. Moshi kwa moshi. Kigoda anasuka kamba huku, naye Mrefu anasuka huko, miaka inakwenda, na binti mfalme anapita kwa mbali akiufuata mlima wake, wala hajui kuwa mtu aliyemvusha bado hajarudi nyumbani.

Ilibaki karatasi moja mkononi mwangu, ile ya mchezo, niliyoiweka mwanzo kabisa wa Utoto. Mhariri akaniuliza inakaa wapi. Nilimwomba binti wa kaka anisomee tena, na safari hii nikasikia kitu ambacho kioo changu hakikunionyesha. Kigoda anasimama juu ya kigoda "ingawa hakihitaji tena."

Nikaiweka ya mwisho.

Mhariri alikunywa vikombe vitatu vya chai. Nimegundua anavishika kwa mikono miwili, kama mtoto. Sijui kwa nini siku ile nilimwona mkali.

Jumamosi, 4 Mei

Tumeanza kupiga chapa. Mhariri alitaka azichukue zikaingizwe kwenye kompyuta ofisini, nikamwomba aniachie. Mashine yangu imetiwa mafuta. Kasoro ilikuwa macho, na mimi tangu zamani hupiga kwa masikio, na msomaji wangu hayupo.

Binti wa kaka akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma akiwa amekaa. Sikuweza kumfuata, sauti ilikuwa inatoka mahali pamoja. Nikamwambia, kwa aibu kidogo, kwamba baba yake alikuwa akitembea.

Akasimama. Alikwenda dirishani, akageuka kabatini. Alipofika kwenye maneno ya Mrefu alikohoa kwanza, kama alivyokuwa akikohoa kaka kabla mtu wa hadithi hajaongea. Hakuna aliyemfundisha. Alisikia ukutani.

Jumatano, 8 Mei

Sura tatu. Mvua imepungua, inakuja asubuhi tu kama mtu wa kuleta maziwa.

Jumamosi, 11 Mei

Leo alifanya sauti ya mfalme.

Jumanne, 14 Mei

Anakuja sasa kila akifunga duka. Akiingia namuuliza kama amekula, anacheka, anasema swali hilo ni la urithi. Tumekubaliana karatasi za penseli haziendi jikoni. Zinabaki kwake.

Jumamosi, 18 Mei

Leo tumefika karatasi ya mwisho.

Alikuwa dirishani, amenipa mgongo, na jua lilikuwa limetoka. Alisoma:

"Kigoda akasimama juu ya kigoda chake, ingawa hakihitaji tena. Akafumba macho, akavuta. Kikapu kilikuwa kizito. Kamba ilicheza kidogo upande wa kushoto."

Nikasubiri. Akageuza karatasi, upande wa pili ni mhuri wa ghala na magunia ya chumvi. "Imeishia hapo, Shangazi."

Nusu ya chini ya karatasi ni tupu. Kwa muda mrefu nilikaa na vidole juu ya mashine. Nilikuwa na sentensi tayari, fupi, maneno manne tu, ingemshusha Mrefu kikapuni na kumtia ndani ya nyumba. Hakuna ambaye angejua. Tena kaka mwenyewe angenisamehe, barua yake ni shahidi.

Nimepiga kama alivyosema. Kila neno, na nukta yake ya mwisho.

Halafu ndipo yakaniingia maneno yale, upande wa kushoto. Siri yangu moja ya duniani. Alikuwa akiuliza kutoka juu nimejuaje, kumbe naye alikuwa ameshajua, na aliitunza kama mimi.

Ijumaa, 24 Mei

Mhariri amepiga simu. Amesoma mara mbili. Anasema wakubwa wake wanaomba mstari mmoja tu zaidi, wa kumwonyesha msomaji aliyemo kikapuni ni nani. Nimemwambia asiongeze neno. Akasema ataingia mkutanoni na kusimama hapo hapo, hata wakimfukuza. Jioni akanitumia ujumbe: wamekubali.

Jumamosi, 25 Mei

Hakuna mvua. Fundi wa bati amemaliza upande unaovuja, na anajivunia sana kwamba hauvuji.

Nimerudisha kiti cha kaka mahali pake. Binti yake alikalia bila kufikiri, akala mkate, akaniuliza kile ambacho nilijua ataniuliza. Kama aliyemo kikapuni ni yeye.

Nilimweleza juu ya baba yetu na kapi, na mchezo, na mguu wa kushoto ambao haukuweza kutulia. Sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza bila kutafuna. Kisha nikamwomba anisomee mstari ule wa mwisho, na alipoinuka kutafuta karatasi nikamwambia aache, anaujua kwa kichwa.

Akafumba macho. Nami nikafumba yangu.